Konokono wa Sebuleni

Tangi la samaki lilikuwa la mume wangu, ugomvi ukawa wa nyumba nzima. Hapa Kabati maji hutufikia kwa mgongo wa punda, mitungi ya lita 20, na mama mkwe hakuelewa kwa nini samaki wasioliwa wapewe hata mmoja. "Ni wadogo tu, Mwaitu," mume wangu alimbembeleza. Mwaitu akaguna.

Vioo vikaota ukijani. Kijana wetu, akiwa likizo, alisikia kwamba konokono huula, akateremka lamboni na binamu zake miguu mitupu, wakarudi na mkebe umejaa. Kazi waliifanya kweli. Ukisogea karibu uliona vinywa vikifumbuka na kufumba juu ya kioo, kila mmoja akiacha njia safi nyuma yake. Punde kioo kikajaa vibonge vya ute vyenye vidoadoa vya mayai.

Aliyewashtukia ni Mwaitu. Alimwopoa mmoja kwa kijiko, akamgeuza. "Hawa ndio wa kichocho." Kaka yake, mchunga ng'ombe, alikojoa damu utotoni, na wenzake wakadhani ndio kubalehe. Mume wangu, mikono imezama tangini hadi viwikoni, akaitoa.

Tulimwita jirani, mtu wa maabara. Alivaa glavu, akapanga magamba juu ya gazeti. Ncha juu, mdomo ukutazame: ukiwa kushoto, mshuku kuwa Bulinus, wa kichocho cha mkojo. Yule bapa, aliyejiviringa, huenda ni Biomphalaria, wa kichocho cha matumbo. Mrefu mwenye kifuniko mdomoni ni Melanoides; huyo kichocho hakibebi. Konokono hazaliwi na ugonjwa. Huupata mkojo au kinyesi cha mgonjwa kikiingia majini, na wiki kadhaa baadaye hutoa vijidudu, hasa mchana wa jua, vinavyopenya ngozi nzima isiyo na mkwaruzo.

Mwaitu alitaka wote watupwe bondeni. Jirani akakataa: Bulinus hujifukia topeni lambo likikauka, akangoja mvua. Basi tukawachemsha. Maji ya tangi yakamwagwa vumbini, mbali na mkondo, na Mwaitu akayasindikiza kwa macho mtungi baada ya mtungi.

Mimi nililiogopa lambo kuliko tangi. Zahanati walituambia tusikimbilie kupima, maana mayai huchukua wiki nyingi kuonekana, na dawa ya praziquantel huua minyoo ya kichocho iliyokomaa huku michanga ikiponea. Kungoja huko kulinikosesha usingizi. Siku ilipofika kijana akatoa mkojo wa adhuhuri, wakati mayai hutoka kwa wingi. Yalikuwepo. Alipewa vidonge kwa kipimo cha uzito wake, na binamu zake wakaitwa mmoja mmoja. Mwaitu ndiye aliyewapeleka, hakukubali kisingizio cha yeyote.

Tangi lilijazwa upya kwa maji yaliyokaa siku mbili bila konokono, muda ambao vijidudu hivyo haviumudu. Hata hivyo Melanoides alikuwa amebaki kwenye kichujio cha pampu. Jike wake huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai, na mchana hujificha mchangani. Usiku ukimulika tochi, kioo kizima kinatembea. Wakizidi, kijana huwachota kwa kichujio cha chai cha zamani, Mwaitu huwachemsha, huwaponda magamba, akawatupia kuku wake wanaotaga.