Yah: Maombi ya Kuinunua Ofisi Yako

Kwa Msajili wa Hazina,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwananchi mzalendo, mwenye akili timamu na shilingi laki tatu nilizopata kikoba chetu kilipovunjwa. Naomba kuuziwa asilimia 51 ya ofisi yako, pamoja na wewe uliyemo ndani.

Usizicheke laki tatu. Mwekezaji makini hanunui kwa fedha zake. Nitakopa benki, na dhamana itakuwa jengo lako, magari yako na hicho kiti unachokalia ukisoma barua hii. Marejesho yatatoka kwenye gawio unalokusanya kila mwaka. Yaani ofisi itajinunua yenyewe. Kazi yangu ni kuisimamia isikosee, kwa ada itakayolipwa kwa dola. Kiti nitakiuza kwa kampuni ya shemeji yangu, naye atakukodishia, kwa dola vilevile. Najua kitakuwa kimeshawekwa rehani. Hilo waachie wanasheria. Malipo ya awali nitayakabidhi kwa mfano wa hundi, ule mpana mnaopigia picha Siku ya Gawio. Mwaka wa tatu nitatangaza hasara. Mishahara ikikwama Hazina italipa, maana watumishi ni wenu, deni ni la ofisi, na mimi ni mgeni tu. Mwaka wa nne mtanifuata kuinunua tena, safari hiyo kwa taslimu.

Ukidhani nimerukwa na akili, fungua makabati. Mwaka 2001 hisa asilimia 35 za kampuni ya simu, TTCL, zilikwenda kwa kampuni za kigeni, MSI na Detecon, kwa dola milioni 120. Zikaingia milioni 60, zilizobaki zikageuka ubishi wa mahesabu. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena hisa hizo kwa shilingi bilioni 14.9, kutoka mikono mingine kabisa. Reli ya Kati ikakabidhiwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, hisa asilimia 51, mkataba wa miaka 25. Mwenye reli mpya akaikodishia reli yake vichwa vya treni na mabehewa kutoka kwao India! Mwaka 2011 ikarudi serikalini. Kabla ya hapo Shirika la Ndege lilishafunga ndoa na South African Airways mwaka 2002, talaka ikatoka 2006.

Hapa niulize kwa unyenyekevu. Tuliambiwa serikali haijui biashara. RITES ni ya serikali ya India. South African Airways ni ya serikali ya Afrika Kusini. Kumbe isiyojua ni hii ya kwetu tu?

Na wafanyakazi wa reli waligoma wakidai mishahara ambayo mnunuzi alitakiwa awe nayo mfukoni. Abiria wa Kigoma, wenye reli hasa, wakabaki kukaa juu ya mizigo yao. Hao ndio waliolipa. Ninyi mlisaini, mkapeana mikono mbele ya kamera, mkastaafu, na sijasikia aliyekatwa hata posho ya siku moja. Mliuza kitu ambacho hamkukijenga!

Samahani. Turudi kwenye biashara.

Mkataba uwe siri, hata kwa wabunge. Kodi nisamehewe. Tukigombana, kesi isikilizwe London.

Naomba jibu kabla ya tarehe 30 Juni. Afisa wa benki angependa kuja kukikagua kiti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwekezaji Mahiri

Nakala: Shemeji