Jani la Kobe

Pimbi wa Mlima Sagalla walipowafunga wanyama wa Kaloleni mpira wa kikapu, Voi nzima iliona haya. Pimbi, kimo cha ndala moja! Na Kaloleni ina Twiga, ambaye kikapu cha mita 3.05 kinamfika shingoni.

Jioni kikaitishwa kikao kando ya Mto Voi, mto wenye mchanga mwingi kuliko maji. Nahodha Nyani akafungua: "Ndugu zangu, tumeshindwa sote. Tusinyoosheane vidole." Makofi yakarindima, hasa ya wenye kwato.

Tembo, mwekundu kwa vumbi la Tsavo, akailaumu reli: tangu treni mpya ianze kupita mwaka 2017, filimbi ya refa haisikii sawasawa. Twiga akakilaumu kikapu, eti kiko chini mno. Ngiri alikuwa ametimua mbio na mpira kwapani, mkia juu, hadi barabara ya Mombasa. Huko akasahau anakimbia nini. Yeye alimlaumu simba, ambaye hakuna mwingine aliyemwona.

Kobe, karani wa mezani, akafunua jani la mkonge alilokuwa akilichora kwa kucha. "Twiga, faulo tano, akatolewa robo ya pili. Ngiri..."

"Mzee Kobe," Nyani akamkatiza, "tusomee za timu tu."

"Za timu ndizo hizi hizi, mwanangu, nimezijumlisha. Na faulo ya tano humtoa mchezaji, haiitoi timu. Haya, nahodha: mitupo huru kumi, haukuingia hata mmoja. Wa mwisho hukuutupa kabisa; ulimpa shabiki mpira, naye akakupa ndizi."

Kimya. Ndipo Digidigi, huko pembeni, akasema kwa sauti nyembamba: "Pasi ya mwisho iliyopotea ni yangu. Sikuangalia. Kesho alfajiri nitakuja kujifua."

Kikao kikashusha pumzi. Mkosaji kapatikana! Kwa kauli moja Digidigi akafungiwa mechi tatu kwa kosa la kuvuruga umoja wa timu, na Kobe akaagizwa aandike. Akaliandika azimio, na chini yake jina la kila aliyeinua mguu kuunga mkono.

"Majina ya nini tena?" Nyani akafoka. Jani akapewa Tembo, akalitafuna lote, jina lake likiwamo, huku akilalamika kuwa lina mwiba.

Alfajiri Digidigi alipofika uwanjani, aliwakuta pimbi wamemtangulia, fomu ya usajili iko tayari.