Ndimi za Ulaya Mbele ya Wajomba

Kijana wa Nyanda za Juu Kusini akienda chuo kikuu kusomea uganga, aila yake haina haja ya kuuliza elimu hiyo itawafaa nini, kwa kuwa kila mwenye goti linalouma huanza siku hiyo hiyo kuhesabu miaka iliyobaki. Akisomea sheria, wenye kesi za mipaka ya mashamba humletea salamu kabla hajamaliza mwaka wa kwanza. Na akisomea kilimo, japo watamcheka kwamba amekwenda mbali kulitafuta jembe aliloliacha nyuma ya mlango, watamstahi siku viazi vya Uyole vitakaposhikwa na ukungu. Ama mimi nilisomea Kifaransa na Kijerumani, pamoja na Kitaliano kidogo cha kusindikizia, na desturi za mataifa yenye lugha hizo. Na habari hii ilipotangazwa kwa jamaa wa baba kule Iringa, na kwa jamaa wa mama kule Tukuyu, ilipokewa kwa kimya cha adabu, kisha mmoja akauliza kama ada ilikuwa imekwisha kulipwa yote au bado kuna nafasi ya kubadili.

Mama yangu, kwa kutaka kuniokoa, alieleza kwamba mwanawe anasoma Ulaya, si kwa maana ya kwenda huko bali kwa maana ya kuisoma Ulaya yenyewe, na maelezo hayo ndiyo yaliyonitia katika mashaka ambayo hata leo sijatoka, maana tangu siku hiyo kila kitu chenye asili ya Ulaya, kiwe cha Kireno au cha Kifini, kilihesabiwa kuwa dhamana yangu.

Wala isidhaniwe kwamba Ulaya ilikuwa ngeni kwa wazee wangu. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Wajerumani wakajenga boma Tukuyu, wakapaita Neu Langenburg. Tosamaganga, karibu na Iringa, mapadre Wabenediktini wa Kijerumani waliifungua misheni, na mwaka 1919 wakaja Wataliano wa Konsolata. Wagiriki walilima tumbaku pande za Iringa. Dhahabu ya Lupa iliwaleta watu wa kila rangi ya ndevu. Na wakati wa Vita vya Pili wakimbizi wa Poland, waliokwisha kuzungushwa Urusi na Uajemi, waliwekwa Ifunda, wakaona baridi yake na kuishukuru kwamba si ya Siberia. Ukiongeza juu ya hao Waingereza waliotawala, utaona kwamba wazee wangu walikwisha kuipata Ulaya karibu nzima mlangoni pao, bila ada na bila mtihani, na kila taifa walikwisha kulitolea hukumu yake. Mimi nilikuwa nakwenda kusomea jambo ambalo wao walilifunga shauri lake zamani.

Faida moja niliyoipata kwao sikuwaambia wenzangu chuoni. Wenzetu wa pwani walitaabika sana kuelewa kwa nini Mfaransa humsemesha mtu mmoja mwenye heshima kana kwamba ni wengi, ilhali mimi nilikuwa nimekwisha kuchapwa kwa jambo hilo hilo na bibi yangu wa Rungwe, siku nilipomwamkia mzee kwa "ugonile" ya marika badala ya "mugonile" inayompasa mtu mzima. Mwalimu akastaajabia wepesi wangu, nami nikaupokea utukufu huo kwa unyenyekevu, bila kumtaja bibi wala fimbo.

Walakini Unyakyusa ulionipa sifa hiyo ndio ulionipa na taabu ya kwanza. Likizo moja nilikaa kwa mjomba, Tukuyu, na kila asubuhi nikawa nasoma Kijerumani kwa sauti, kama tulivyoagizwa, katika kitabu ambacho bwana mmoja wa mjini Köln hununua mkate, hukodi nyumba, huumwa jino na hupotelewa na sanduku. Kila nikianza somo, mkaza mjomba huondoka jikoni akaenda migombani, na uji ukaungua. Kwa siku za kwanza nilidhani anaichukia lugha ile. Baadaye nikaambiwa kwamba babu yangu, yaani mkwewe, alibatizwa na wamisionari kwa jina lile lile la yule bwana wa kitabuni, na mkaza mjomba alilelewa katika mila ya Kinyakyusa ya zamani, ambayo humkataza mke kulitamka jina la baba mkwe, wala kukaa mahali linapotamkwa ovyo. Hebu fikiri basi hali ya mwanamke mwenye haya, ambaye asubuhi kabla ya chai husikia kwamba mkwewe amevuliwa viatu kwa daktari na amefunua kinywa. Tangu hapo yule bwana nilimwita "huyu mtu", nikaufaulu mtihani wa kusoma na kuudondosha ule wa majina. Na hapa pia silitaji jina lenyewe, kwa sababu mkaza mjomba anajua kusoma.

Mjomba naye alikuwa na haja zake. Alinunua mjini Mbeya, kwa mfanyabiashara wa bidhaa zilizotumika, mashine ya kutotolesha vifaranga iliyoletwa ndani ya kontena kutoka Denmark, na pamoja nayo kijitabu cha maelezo cha Kidenmaki kitupu. Akaniita sebuleni, mbele ya majirani waliokwisha kuketi.

"Mjomba, soma," akasema.

"Mjomba, hiki si Kijerumani."

"Ni cha wapi?"

"Cha Denmark."

"Nayo iko wapi?"

"Imepakana na Ujerumani."

"Sisi na Wandali tumepakana. Tunaelewana, hatuelewani?"

"Tunaelewana, mjomba."

"Basi soma."

Nikasimama, nikasoma ukurasa baada ya ukurasa kwa matamshi ya Kijerumani, kwa sauti ya taadhima, huku fundi mmoja wa redio, aliyeitwa na mjomba na ambaye hakunisikiliza hata neno moja, akichomeka waya, akifuta vumbi na kuuzungusha ufunguo wa joto mpaka nyuzi 37 na nusu, kwa kuwa aliwahi kutengeneza mashine ya namna ile kwa mfugaji wa Uyole. Nilipofika ukurasa wa mwisho, ambao kwa dhana yangu ulikuwa wa anwani za mawakala, bibi mmoja jirani akaitikia amina.

Siku 21 zilipotimia, vifaranga wakatoka kwa wingi uliomshangaza hata mwenye mashine, na sifa zote zikaja kwangu. Fundi alipewa soda. Kuanzia hapo nyumba ya mjomba haikukosa wageni: huyu ana chupa ya dawa ya ng'ombe yenye maandishi ya Kiholanzi, yule ana kitabu cha nyimbo alichoachiwa marehemu baba yake na padre, na mmoja, aliyenunua koti la mtumba kwa ajili ya baridi ya Juni, alikuta katika mfuko wa ndani kijikaratasi cha Kipolandi chenye tarakimu, akataka kujua ameachiwa kiasi gani. Nilimweleza kwamba, kwa kadiri ninavyoona, ile ni risiti ya duka. Alinitazama kwa masikitiko, akakikunja kile kikaratasi akakirudisha mfukoni, na nilisikia baadaye kwamba alimwambia mjomba kuwa vijana wa siku hizi wakisoma sana huwa na choyo.

Tukirudi chuoni, mwalimu wetu wa utamaduni wa Kijerumani alikuwa akitukariria kwamba wakati ni amana, na kwamba Mjerumani akichelewa kwa dakika tano huomba radhi kabla hajaketi. Neno hilo lilinikaa moyoni. Nilipoalikwa Mbeya kwenye kikao cha harusi cha binamu yangu, kilichotangazwa kuwa saa nane mchana, niliufika mlango wa nyumba ile saa nane kasoro dakika tano, nimevaa suti, nikabisha hodi. Mwenye nyumba alikuwa anaoga. Mkewe, ambaye hakuna aliyemfundisha la kumfanyia mgeni aliyekuja saa aliyoitwa, alinitazama juu mpaka chini, akafikiri, kisha akanipa kisu na mkungu wa ndizi za mbalaga. Nikamenya. Nilipomaliza mkungu wa kwanza nikaletewa wa pili. Katikati ya huo nikaombwa kumshika beberu ambaye kamba yake ilikatika. Na viti vilipofika kutoka kanisani nikavipanga. Kiasi cha saa kumi na nusu wajumbe wakaanza kuwasili, wakiulizana hali kwa utulivu wa watu waliokuja kwa wakati wake, na mwenyekiti wa kamati, akiniona pale uani na utomvu wa ndizi mikononi, aliniambia kwa upole, "Kijana, tuletee maji ya kunawa." Nikaleta. Walipokuja kuuliza yuko wapi yule mpwa msomi wa lugha, ikaonekana si uungwana kuwatia wazee fedheha, na dua ya kufungua kikao ilisomwa mimi nikiwa nimeshika birika.

Iringa nako nilikwenda na elimu ya Kifaransa. Mwalimu mwingine alitufundisha kwamba Mfaransa haigidi divai, bali huitazama kwanza kwa jicho, akaizungusha, akainusa, ndipo ikapewa ulimi. Na kwa kuwa chuo hakikuwa na fungu la divai, somo hilo tulilifanya kwa soda ya zabibu. Baba yangu mkubwa, anayekaa Kalenga, alinichukua jioni moja kwenye kilabu wakati wa masika, msimu ambao mianzi hutoa ulanzi mwingi, na baada ya kupeana "kamwene" na kila aliyekuwamo, nikapewa kopo langu. Nikaliinua kwenye mwanga wa mlango, nikalizungusha, nikafumba macho, nikanusa. Kilabu chote kikanyamaza. Mama muuzaji akaweka chini kata yake, akauliza, "Mwanangu, umeona nini humo?" Kwetu mtu anusaye kinywaji alichopewa amekwisha kumshitaki aliyempa, na si kwa kosa dogo. Baba mkubwa akanipokonya kopo, akalinywa lote kwa mkupuo ili kulisafisha jina la yule mama, akakohoa, akatangaza kwamba mtoto ana mafua ya chuoni, kisha akaniamuru ninunulie kilabu kizima. Nikanunua.

Usiku ule, ili kurudisha heshima yangu, nilimtolea karatasi ambayo sikuwa na shaka kwamba itamgusa. Chuoni tulipewa zoezi la kusoma ibara za Mkataba wa Versailles kwa Kifaransa, ule uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 kuimaliza Vita Kuu, na katika ibara ya 246 nilikutana ghafla na mtu wa nyumbani. Ibara hiyo huiamuru Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika, imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Uthman uliotolewa Madina, na iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Ni Mkwawa yule yule aliyewavunja Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti 1891, akauawa kamanda wao Zelewski. Aliyepokonywa ngome ya Kalenga mwaka 1894. Na aliyepigana porini mpaka Julai 1898, alipojiua Mlambalasi asikamatwe hai. Nilimsomea baba mkubwa Kifaransa chake, kisha nikamfasiria, naye akasikiliza amekunja miguu, bila kunikatiza hata mara moja.

"Wamepewa miezi mingapi?" akauliza.

"Sita, baba."

Hakuhitaji nimwambie lililofuata, maana fuvu lenyewe limo katika makumbusho ya Kalenga, karibu na nyumba yake. Gavana Twining ndiye aliyelipata Bremen, na lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Sultani, tarehe 19 Juni 1954.

"Huyo mwalimu wako aliyekupeleka ukamenye ndizi," akasema, "anasema Mjerumani akichelewa dakika tano huomba radhi?"

"Ndivyo asemavyo."

"Katika karatasi hiyo ameomba?"

"Karatasi iliandikwa kabla hajachelewa, baba."

Akalikubali hilo kuwa ni hoja. Lakini baba mkubwa hukopesha mahindi, na mtu anayechukua kwake debe moja mwezi wa pili hurudisha debe na nusu wakati wa mavuno, kwa hiyo akili yake ilikuwa imekwisha kutangulia mbele. Akaniuliza, kwa miaka yote hiyo iliyozidi juu ya miezi sita, ile nusu ya kucheleweshwa imeandikwa wapi.

Nikamjibu kwamba haimo. Akaniambia nitazame tena. Nikatazama mbele na nyuma ya ibara, nikasema katika Kifaransa haimo kabisa. Na kwa kutaka kuonyesha ukamilifu wa elimu yangu nikaongeza kwamba mkataba huo una maandishi mawili yenye nguvu sawa, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na kwamba nilichokisoma ni kimoja tu.

"Basi rudi chuoni ukasome na hicho cha pili," akasema, akivuta blanketi lake mabegani. "Mzigo walikabidhiwa Waingereza. Huenda hiyo nusu waliipokea wao."