Hiyo ya Mwisho Sitaandika

Kianjokoma mwezi wa Julai si mahali pa mtu mwenye pua. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Mlima Kenya, unaingia kwa nyumba bila hodi, unakaa kama shemeji. Jua tunalisikia tu kwa redio, liko Kisumu. Mimi navaa sweta mbili, koti, gambuti na marvin imefunika masikio. Homa ikanipata tu. Nani ataniambia ilipitia wapi?

Ilinilipukia Jumanne, pale baing senta ya majani chai. Zamu yangu imefika, karani ananing'iniza kikapu kwa mizani. Mimi huyo nikainama kuhakikisha hanipunji. Nikapiga chafya. Haikuwa chafya ya kanisani. Namba za mizani ziliruka. Karani akajipangusa uso kwa kitabu cha risiti, akaniambia, "Mzee, hiyo ya mwisho sitaandika." Laini nzima ikaangua kicheko. Leso sina. Nikatumia marvin. Baadaye baridi ikazidi, nikaivaa tena.

Kufika jioni kila mtu ni daktari. Kijana wa boda akaniambia nitafune muguka, homa itatoka yenyewe. Nikatafuna. Kilichotoka ni usingizi. Mama mboga akaniuzia tangawizi, limau na kitunguu saumu, nikachemsha nikanywa sufuria nzima. Nikalala chooni. Nikakimbia kwa chemisti, "Nipe zile za rangi mbili." Akaniuliza karatasi ya daktari. Nikakohoa karibu na dirisha lake. Akanipa haraka haraka. Nne, kwa sababu pesa ilikuwa ya nne. Mbili nikameza, mbili nikaziweka akiba ya homa ya mwakani. Mimi ni mtu wa mipango.

Hapo ndipo mke wangu, Mama Wawira, akachemsha majani ya mkaratusi. Nimekaa kwa kigoda, karai katikati ya miguu, blanketi juu, ndani nimebaki na kaptura ya mtumba tu. Mvuke unanichoma, kamasi inatiririka, najiona napona. Nikasikia "Tusali." Nikajua ni redio. Nikasikia jina langu. Nikatupa blanketi. Jumuiya yote iko sebuleni! Mzee wa jumuiya hakufumbua macho, Mungu ambariki. Wengine walifumbua.

Siku ya tatu nikajikokota hadi kliniki. Daktari mwenyewe ni kijana, rika la mtoto wangu wa pili. Akasema, "Baba, hii ni influenza. Ni virusi." Nikamwambia haiwezekani, simu yangu ni ya kubonyeza, haina hata intaneti. Nesi alitoka nje. Nilimsikia akicheka hadi kwa koridoo.

Kumbe zile rangi mbili ni za bakteria. Virusi haziviwezi, unavirushia tu mawe ya bure, na ukizoea kumeza nusu dozi, bakteria wanajifunza kukudharau. Kuhusu muguka daktari hakusema kitu, alinitazama tu. Limau na tangawizi ni sawa, zinapoza koo, lakini hazitibu. Mvuke wa karai unachoma watu, hasa watoto. Dawa yangu ni kulala, maji mengi na panadol ya kushusha joto. Wengi wanapona ndani ya wiki moja, kikohozi ndicho hubaki nyuma kama mgeni asiyejua kuaga.

Nikamwambia basi, ni hii baridi. Akakataa. Kenya hii homa inazunguka mwaka mzima, hata Mombasa kwa watu wa vesti. Baridi inatufungia tu ndani, madirisha yamefungwa, tunakoholeana kwa matatu. Tena wakubwa huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hata ya dalili, halafu siku tano hadi saba baadaye.

Siku moja kabla! Nikaanza kuhesabu. Jumatatu nilikuwa wapi? Kwa mazishi, Manyatta. Nilisalimia laini mbili za wazee, mkono kwa mkono. Nikarudi kwa matatu, kumi na wanne tumebanana. Usiku nikakula githeri sahani moja na Cucu.

Cucu ni mama yangu, miaka 78. Ijumaa akaanza kutetemeka. Hapo hata mimi niliacha mizaha. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba kwangu mimi hii ni kero tu, lakini wazee, watoto wadogo, wajawazito na wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo inaweza kuwalaza na nimonia. Ukiona mtu anavuta pumzi kwa shida, amechanganyikiwa, au homa ilipoa kisha imerudi kwa nguvu, usichemshe kitu. Mbio hospitali. Ziko dawa za kupiga virusi vyenyewe, na zinafaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Nilimpeleka siku hiyo hiyo kwa boda, amefungwa mablanketi matatu, ananigombeza njia nzima kwamba alinilea vizuri nikamlipa kwa kamasi.

Chanjo nayo ipo, ila ni ya kila mwaka, kwa maana hivi virusi vinabadilika kama wanasiasa. Nimeambiwa nisingoje hadi nianze kupiga chafya ndipo niitafute. Sasa nanawa mikono kwa sabuni, nakoholea kwa kiwiko. Sweta zote mbili zimepauka kiwiko kimoja.

Cucu alipona. Jumatatu iliyopita amechuma kilo 14. Mimi, kilo 9, na bado nabweka usiku hadi Mama Wawira ananihamishia jikoni. Karani akiniona anasogeza kitabu.

Kwa hivyo ukipita kwetu nisalimie kwa mkono juu, kutoka getini. Na wewe uliyeokota marvin yangu ya kijivu iliyoniangukia pale baing senta ile Jumanne, sidai. Ni yako. Lakini nakuomba, ndugu yangu, ifue kwanza.