Garimoshi la Garissa: Namna ya Kubatiza Stesheni Kabla ya Reli

Kwanza, usisubiri reli. Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi, walizindua LAPSSET, mradi wa bandari na reli, kule Lamu, na reli ikachorwa kupitia Garissa kwenda Isiolo. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 2021. Reli ingali kwenye ramani, na hapo ndipo majina huchaguliwa kwa raha: hakuna abiria wa kulalamika.

Pili, tazama waliotangulia. Reli ya SGR ya 2017 ilianza vizuri: Mombasa, Mariakani, Miasenyi, M tupu. Ikaingia Voi, mambo yakaharibika. Mtito Andei ikajaribu kuokoa jahazi, Kibwezi ikalizamisha. Ndiyo hasara ya kuwaachia wahandisi kazi ya washairi.

Na washairi hawakosekani huku. Katika gabay, shairi la Kisomali, herufi moja hushikwa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na anayeteleza wasikilizaji wanamjua papo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 washairi wa Somalia walijibizana kwa mlolongo mzima wa mashairi, Deelley, yote kwa D. Basi tafuta mzee mmoja, mwandalie chai ya maziwa ya ngamia iliyokolea sukari, kisha mtajie herufi. Posho baadaye.

Kikombe hakijapoa atakuwa amemaliza D: Dadaab, Dagahaley, Dertu, Damajale. Kwa B ana Bura na Balambala, na akivuka hadi Wajir anaongeza Buna na Bute. Kwamba reli italazimika kujipinda kama chatu ili izifikie zote, hilo si shauri la mshairi. Mkandarasi hawezi kununa kwa kuongezewa kilomita.

Ukikwama, kimbilia irabu. Kwenye gabay irabu zote ni ndugu, kwa hiyo Ijara na Ifo zinapanda behewa moja bila kugombana. Na mheshimiwa akitaka stesheni iitwe kwa jina lake, usimkatalie; muulize tu, kwa adabu, linaanza na herufi gani.

Asiye na subira apande basi la Nairobi. Likishavuka daraja la Tana linapita Madogo, Mwingi, Matuu. Bangale na Nguni zisamehe.