Jinsi ya Kuanzisha Lebo ya Muziki wa Kompyuta Mboko na Kuikuta Bado Hai Mwaka Ujao

Mwongozo huu ni wako wewe kijana wa Mboko, Lusenda, Baraka au Fizi, huku mashariki mwa Kongo, mwenye laptopu ya mtumba na biti arobaini ambazo hakuna aliyezilipia. Jina la lebo umeshalipata. Nembo imeshachorwa kwenye simu. Marafiki wawili wameshajitangaza kuwa mameneja, na wa tatu anadai yeye ndiye rais. Kilichobaki ni pesa tu. Jay Mitta, mtengenezaji wa singeli kutoka Sisso Studios ya Dar es Salaam, aliipa albamu yake jina Tatizo Pesa, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaitoa kwa jina hilohilo. Ugonjwa unajulikana, basi tushike dawa.

Dawa yenyewe ni hii: studio ya mahali kama hapa inalishwa na watu wanaocheza mbele ya macho yake. Konono No. 1 walianza Kinshasa miaka ya 1960, chini ya Mingiedi Mawangu, wakipiga likembe zilizotiwa umeme kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Dunia iliwasikia kwa upana baada ya albamu ya Congotronics, iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka 2004. Kabla ya hapo kundi lilipiga kwenye harusi, misiba na sherehe za watu wao mjini. Singeli nayo ilikua kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha za uswahilini, miaka mingi kabla kaseti zake hazijafika Ulaya. Anayetaka kuishi kwa muziki wa kompyuta huku kando ya Ziwa Tanganyika aanzie walipoanzia hao.

Hatua ya 1: Nunua jua kabla ya maikrofoni

Dukani utaonyeshwa maikrofoni inayong'aa. Iage kwa heshima, uende kwenye paneli. Laptopu ya kawaida inakula wati 50 hivi. Ukifanya kazi saa sita, umekula wati-saa 300. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri inakutosha, betri ikishika kinachobaki. Pembeni weka meza ya kuchaji simu na utoze kama wengine wanavyotoza. Mteja atakayesubiri simu yake ijae atasikia nyimbo zako zote, na hana pa kwenda.

Spika za sherehe ni habari nyingine. Hizo zinataka grupu, yaani jenereta, na grupu inataka mafuta. Kanuni yako iwe moja, uiandike mlangoni: mafuta ni ya mwenye sherehe. Taja bei yako bila mafuta, na tangi lijae kabla spika hazijashushwa kwenye pikipiki. Asiyefanya hivyo hurudi nyumbani alfajiri na sifa tele na deni la lita kumi.

Hatua ya 2: Achana na programu ya wizi

Nakala ya FL Studio inayozunguka kwenye flashi huja na virusi vyake, na siku itakapokataa kufungua kazi ya miezi miwili hutakuwa na wa kumlalamikia. Anza na LMMS, ambayo ni ya bure na halali, na ikishawekwa haihitaji mega hata moja. Ukipata fedha, leseni ya FL Studio hulipwa mara moja, na kwa matoleo mapya hupewi bili tena.

Kisha weka nakala za kazi zako kwenye diski mbili, katika nyumba mbili, moja iwe juu mlimani. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia majumbani Uvira na Baraka. Maji hayaulizi kama albamu imeshatoka.

Hatua ya 3: Angalia mwezi kabla ya kutangaza shoo

Falanga za Mboko hutoka ziwani. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, basi mitumbwi inakaa ufukweni. Siku hizo wavuvi wana nafasi ya kucheza lakini mifuko inaelekea kukauka. Kwa hiyo shoo yako ya kiingilio iweke mwanzoni kabisa mwa mapumziko hayo, wakati mauzo ya usiku wa giza bado yamo mfukoni na kazi imesimama. Ukichelewa siku nne tu, utapata umati mkubwa nje ya uzio, unaocheza bure na kukusifu.

Kumbuka pia kwamba nchi nne za ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kufunga uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ufukwe unapokauka, geukia walimu, wenye maduka, waendesha pikipiki, makanisa na harusi za kiangazi. Kanisa linalotaka biti ya kwaya ni mteja kamili, tena hulipa mchana kweupe.

Hatua ya 4: Bandika bei za majina ukutani

Muziki wa Kongo una chanzo cha mapato kilichojaribiwa kwa miongo: libanga. Mtu analipa, jina lake linaimbwa. Wakubwa wa Kinshasa wamejenga nyumba kwa njia hiyo, na wewe huku unataja majina ya watu bure kwa sababu wamekununulia soda. Acha kuanzia leo.

Andika kwenye karatasi kubwa: jina moja, bei hii, jina pamoja na kijiji cha kwao, bei hii, jina la duka kwenye kiitikio, bei hii, na ilipwe kabla ya kurekodi. Jina lililolipiwa liimbwe vizuri, lisikike, lisifunikwe na besi. Mama muuza vitenge aliyetoa falanga zake anastahili kujisikia kwenye spika hadi mwisho wa soko. Akisikika, mwenzake wa meza ya pili atakuja mwenyewe.

Waliokwenda mbali ndio wateja wazuri kuliko wote. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Baadhi walirudi, wengine wakapelekwa Marekani, Kanada na Australia. Harusi zao huko hutaka muziki wenye jina la bibi na jina la kijiji. Wimbo wa harusi uliotengenezwa kwa oda, wenye majina sita na sauti ya shangazi aliyebaki Mboko, unaweza kukuingizia kwa siku moja kile ambacho mtandao hautakupa kwa mwaka. Pokea nusu ya malipo kabla ya kuanza.

Hatua ya 5: Fanya urafiki na mwenye kadi za memori

Unamjua. Amekaa chini ya mwavuli kando ya barabara ya Uvira, laptopu mapajani, nyaya tatu za rangi tatu zikining'inia, na mbele yake foleni ya watu wenye simu. Mteja anasema tu, "Nitilie za Bongo, ongeza na za Kinshasa." Anafungua folda, anakopi, kadi inarudi simuni, falanga zinaingia kopo la maziwa. Nyimbo zako zimo humo, pengine zimeandikwa "mpya mpya 07", bila jina lako.

Usiende kugombana naye. Huyu ndiye msambazaji mkubwa kuliko wote uliowahi kuwa naye, na hahitaji intaneti. Mpelekee mwenyewe faili safi lenye jina lako, jina la lebo na namba ya simu ya kazi ndani ya jina la faili. Mpe wimbo mpya siku tatu kabla ya wengine, naye akugawie kidogo kwa kila kadi. Akikataa kugawa, basi walau atangaze shoo yako kwa kila mteja. Huko Niger, nyimbo za Mdou Moctar zilitembea hivihivi, simu kwa simu, hadi lebo ya Sahel Sounds ya Marekani ikazikuta na kumtafuta mwenyewe. Alipatikana, lakini kumtafuta kulikuwa kazi kwa sababu mafaili ya aina hiyo hutembea bila anwani. Wewe weka anwani.

Hatua ya 6: Intaneti ni mboga, sherehe ndiyo ugali

Mboga ni tamu, ila mtu hashibi mboga peke yake. Tufanye hesabu. Kwenye majukwaa ya kusikilizia kama Spotify, wimbo ukisikilizwa mara moja kwa kawaida huleta chini ya nusu senti ya dola. Mara elfu moja haifikishi dola 5. Tena tangu 2024, Spotify hailipi mwenye rekodi chochote kwa wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12. Ongeza ada ya kila mwaka ya wasambazaji wa mtandaoni, halafu ongeza bei ya mega za kupandisha faili usiku. Lebo yenye wasikilizaji mia tatu inalipa ili isikilizwe.

Kwa hiyo panda ngazi kwa mpangilio. Kwenye Audiomack hulipi ada ya kupandisha wimbo. Weka nyimbo huko ili watu wa mbali wakupate. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, huwapa wasanii sehemu ya mapato yake. Bandcamp ndiyo inayomfaa mnunuzi wa Ulaya: inakata asilimia 15 kwa muziki wa kidijitali, na kwenye Ijumaa maalumu ilizoanzisha Machi 2020 huachilia fungu lake. Lakini hulipa kupitia PayPal, haijui Airtel Money wala M-Pesa. Kabla ya kuuza, kubaliana na ndugu mwaminifu aliye nje atakayepokea, muandikiane, na kila mwezi akutumie picha ya hesabu. Ndugu mwaminifu huyo naye apate chake.

Sahani za vinili ziache kwanza. Oda ya kawaida ya lebo ndogo, sahani 300, inaweza kuzidi dola 2,000. Kwa fedha hizo unanunua paneli, betri, spika na pikipiki kuukuu ya kuzibeba.

Hatua ya 7: Andika kabla ya kucheza

Daftari la kurasa mia linatosha kuwa idara yako ya sheria. Kila wimbo upate ukurasa wake: nani katengeneza biti, nani kaimba, nani kaandika, kila mmoja anapata asilimia ngapi. Tarehe. Sahihi, au dole gumba. Fanyeni hivyo siku ya kurekodi, wakati wote bado mnapendana. Wimbo ukishapendwa Baraka nzima, hata aliyeshika mlango usifungwe na upepo atasema ametunga kiitikio.

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamtambua mtunzi kuwa mwenye haki juu ya kazi yake, na shirika la SOCODA ndilo lenye jukumu la kukusanya malipo ya haki hizo tangu 2011. Makao yake yapo Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Jiandikishe ukipata njia, ila daftari lisisubiri.

Lebo ya nje ikikuandikia, furahi, kisha uliza maswali manne. Rekodi inabaki ya nani? Kwa miaka mingapi? Gharama gani zitakatwa kabla ya kugawana, na nitaziona wapi? Nitalipwa kwa njia gani nikiwa Mboko? Lebo nyingi ndogo hugawana nusu kwa nusu baada ya gharama, na zenye watu waungwana hujibu hayo bila kukasirika. Zipo pia lebo zilizoanzishwa na wasanii wenyewe: Rey Sapienz, Mkongomani aliyehamia Kampala, ni mmoja wa waanzilishi wa Hakuna Kulala. Atakayekasirika kwa swali la gharama ameshakujibu.

Hatua ya 8: Weka akiba ambayo vita haviifungi

Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilipochukuliwa na waasi wa M23, benki zilifungwa na watu wakabaki na akaunti zisizotoa kitu. Mwezi Desemba vita vikafika Uvira. Lebo ya Mboko isitegemee mfuko mmoja. Ingia likelemba, yaani mchango wa zamu, ya watu kumi mnaofahamiana, na zamu yako ikifika nunua kifaa, usinunue viatu. Sehemu iwe kwenye simu, sehemu iwe dola safi. Dola iliyochanika pembeni hata kidogo itakataliwa kila duka, kwa hiyo ikatae wewe kwanza, hata kama ametoa bwana harusi.

Hatua ya 9: Jifunze kumjibu ndugu

Baba mdogo atakuja. Ataoza binti, atataka muziki usiku kucha, na atasema, "Mwanangu, sisi ni nyumba moja." Mjibu kwa adabu, umeinama kidogo: "Ndiyo, baba mdogo. Mkono wangu ni zawadi kwa dada. Mafuta, betri na kijana wa kubeba spika ni falanga hizi." Mwonyeshe karatasi. Atanung'unika, atalipa, na usiku atawaambia wageni kwamba mpiga muziki ni mtoto wake. Hapo ndipo udugu na kazi vinapokaa nyumba moja bila kuuana.

Neno hili la mwisho ni la wewe usiye na studio. Vijana hawa wanatengeneza sauti ambayo haipo popote pengine: injini za mitumbwi, ngoma za Kibembe, nyimbo za mama zetu, vyote ndani ya laptopu iliyovunjika bawaba. Wakikata tamaa watauza laptopu na kwenda migodini Misisi kutafuta dhahabu, na sisi tutaendelea kuchezea harusi zetu nyimbo za watu wengine. Jumamosi hii, ukiingia kwenye shoo, lipa kiingilio mlangoni, hata kama mlinzi ni mpwa wako.