Nepi Juu ya Tenga la Kuku

Mvua ya Februari ikishakaa Singida mjini, nguo ya kwanza kuleta kesi ndani ya nyumba ni nepi. Wifi yangu alikuwa bado ndani ya arobaini, amejifungulia kwetu Mandewa, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ikungi kumlea. Nepi za kitambaa zilifuliwa asubuhi, zikafuliwa tena jioni, na kamba ya uani ilikuwa haijaonja jua.

Mama hakutaka kusikia habari ya mjukuu kuvalishwa nepi yenye unyevu, na hapo alikuwa na haki. Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zikianikwa kivulini. Mtoto akivalishwa, funza hupenya kwenye ngozi na kutunga jipu. Kinga yake ni kukausha nguo kabisa na kuipiga pasi ya moto. Basi mama akakata shauri: nepi zikaushwe kwa jiko, humo humo chumbani, ili na mzazi apate joto.

Lilikuwepo tenga lililoleta kuku wa uzazi. Akalisugua, akalianika barazani usiku mzima, kisha akalifunika juu ya jiko la mkaa na kutandaza nepi pamoja na khanga moja ya wifi. Alisubiri mkaa ukolee kwanza, usiwe na moshi. Upepo wetu wa Singida, ambao wawekezaji wa umeme wameupigia hesabu kwa miaka mingi, haukuachiwa hata upenyo: dirisha lilifungwa, gunia likawekwa chini ya mlango, na matundu ya hewa juu ya dirisha yakashindiliwa matambara.

Jioni nikamsikia wifi akilalamika.

“Mama, kichwa kinanigonga. Na tumbo linachafuka.”

“Ni baridi ya uzazi, mwanangu. Jifunike.”

Mama akaongeza mkaa.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele nilipopata harufu ya kitambaa kinachoungua. Pindo la khanga lilikuwa limepenya kati ya fito za tenga na kugusa makaa. Nilipiga hodi, sikuitikiwa. Nikasukuma mlango. Mama ameegemea ukuta, macho mazito. Wifi alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Nilimbeba mtoto kwanza, nikamwita mume wangu kwa kelele, tukawatoa wote barazani kwenye upepo. Kisha bajaji, moja kwa moja hospitali. Muuguzi hakutaka hadithi ndefu. Aliuliza, “Kulikuwa na jiko ndani?” na kuwawekea oksijeni. Wote watatu walipona.

Ile khanga ndiyo iliyowaokoa. Kitambaa kikiungua kinanuka, lakini kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala rangi. Makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo wengi wetu tunayaamini, yanaitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu hung’ang’ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili ukabaki na njaa ya hewa huku mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, usingizi na kulegea. Ni rahisi mno kusema ni uchovu wa uzazi.

Mume wangu akapendekeza tununue mashine ya kukaushia nguo. Sikuipinga kwa sababu ya bei tu. Mashine nyingi nazo zina bomba la kutolea hewa ya moto nje, na nyuzi za nguo hunasa kwenye chujio na ndani ya bomba hilo. Lisiposafishwa, huwaka. Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2010, ilihesabu mioto ya mashine hizo takriban 2,900 kila mwaka majumbani, na chanzo kikubwa kilikuwa uchafu ulioachwa bila kuondolewa. Moto wowote unaokausha nguo unadai njia ya kutokea, uwe wa umeme au wa mkaa.

Sisi tulifunga kamba barazani, chini ya bati, upepo unapopita. Nepi inapepewa mpaka inakuwa nyepesi mkononi, kisha inapigwa pasi. Ya mkaa huwashwa na kutumika nje. Matambara kwenye matundu aliyachomoa mama mwenyewe kwa ncha ya kisu, moja baada ya jingine, na alipokwenda kumwona mzazi wa jirani alianza kutazama juu ya dirisha kabla ya kuomba kumpakata mtoto.

Ndugu msomaji, kama kwako kuna mzazi msimu huu, inua macho utazame matundu hayo. Yakiwa yamezibwa, yazibue leo, na jiko litoke nje kabla mtu hajalala. Kichwa kikianza kuwauma watu wawili ndani ya chumba kimoja chenye mkaa, usitafute dawa kwanza: watoe nje, kisha wapeleke hospitali.